Bwana Mifugo na Mwewe Wasio na Wasiwasi

Wiki hii atamtia kuku tone la dawa jichoni, akimshika taratibu na kumbembeleza kwa maneno, na mwezi ujao ataitwa kumchinja kuku yuleyule, na usoni mwake hutaona tofauti. Huyo ndiye Bwana Mifugo wetu. Niliishi naye jirani, ua wake na wangu zikitenganishwa na minyaa tu, muda wa kutosha watoto wangu kuzaliwa, kukua na kuondoka. Kwao hasa ni wapi sikupata kujua vizuri. Aliletwa huku Mgori na kazi ya serikali, akastaafu hapahapa, na watu walipotegemea atafunga mizigo arudi alikotoka, yeye alipanda mipapai.

Jina lake alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikumbuki kama kuna mtu alilitumia. Hata alipostaafu na akaja kijana mwingine kushika kazi ile, kijana aliitwa kwa jina lake na mzee akabaki Bwana Mifugo. Yule kijana hakupenda, lakini angefanya nini?

Kwenye salamu alikuwa mkali kupita shule. Ukija unakimbia, jasho linakutoka, ng'ombe wako amelala chini tumbo limejaa kama ngoma, kwanza utasema shikamoo. Ataitikia marahaba kwa utulivu wote. Atauliza habari za nyumbani, utajibu nzuri, ingawa zingekuwa nzuri usingekimbia. Ndipo atainuka. Ila akishainuka utashindwa kumfuata kwa mwendo. Mimi salamu zake zilikuwa zinaniudhi, nasema ukweli, kwa sababu akimaliza kuniulizia watoto aliwaulizia kuku wangu mmojammoja. Yule mwenye kishungi hajambo? Yule kilema ametotoa? Marehemu mume wangu alikuwa anakaa pale mlangoni akisubiri kuulizwa hali, na wakati mwingine zamu yake haikufika.

Ninyi mnaokula kuku wa Singida huko mijini mnamjua akishafika mezani. Sisi huku tunamjua akiwa yai. Hapa kwetu kuku ndiye anayempeleka mtoto shule na mgonjwa hospitali, na magari ya matenga yakipita barabarani kuelekea Dar es Salaam kila nyumba ina mtu wake ndani ya matenga yale. Kwa hiyo mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ukiingia kijijini, tunaumwa wote. Bwana Mifugo alikuwa anapita alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, kichupa cha chanjo amekifunga kwenye kitambaa kibichi na kukiweka kikapuni. Tone moja, jicho moja. Alikuwa hakubali haraka. Kuku akipepesa dawa ikamwagika shavuni, anarudia, na mwenye kuku akisema basi Bwana Mifugo inatosha, anamwambia basi na wewe ukiumwa nitakupaka dawa shavuni.

Halafu kuna hilo la kuchinja. Huku kwetu Waislamu na Wakristo tumechanganyika mpaka ndani ya nyumba moja, kaka anaenda msikitini na dada anaimba kwaya. Kukiwa na wageni au sherehe, kuku anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale bila kuulizana. Upande wetu wa kijiji aliyekuwa akiitwa ni Bwana Mifugo. Ubatizo, harusi, mtoto amerudi kutoka masomoni, utamwona anakatiza mashamba ya alizeti na kisu chake amekifunga kwenye gazeti. Akishachinja hukaa kula. Na alikuwa mlaji! Paja alilijua, na mchuzi aliusifia mpaka mpishi akaona haya. Niliwahi kumwuliza inakuwaje unamponya kiumbe halafu unamla. Akanijibu kwamba kuku aliyekufa kwa mdondo amekufa bure, lakini huyu ameliwa watu wamecheka. Hakuona kama kuna la kueleza zaidi.

Nimetaja hilo kwa sababu kuitwa kuchinja ilikuwa ndiyo njia ya kujua nani anaelewana na nani. Hakuna mtu huku atakayekwambia usoni kwamba amekukasirikia. Atampeleka kuku wake kwa mwingine.

Sasa mwewe. Mimi mwewe simpendi, na naomba hilo lieleweke mapema. Kuku ametotoa, umekaa unawatazama vifaranga wanavyochakura, umeshapiga hesabu zako zote, halafu kivuli kinapita juu, kelele moja, na mama kuku anabaki anazunguka kama aliyepoteza akili. Ukishaona hivyo mara moja huwezi kumsifia mwewe. Bwana Mifugo alikuwa anawasifia. Mtu aliyewatia kuku dawa maisha yake yote, anasimama katikati ya uwanja wangu mkono umekinga jua, anamtazama mwewe kwa furaha. Niliona kama ni mtu mwenye nyuso mbili, na nilimwambia hivyo.

Lakini ndiye aliyetufundisha kuwapaka vifaranga rangi. Ile rangi ya kuchovyea ukili wa mikeka, ya zambarau, unaikoroga kwenye beseni, unamchovya kifaranga mpaka shingoni, unamwanika juani. Mwewe akipita juu anaona vitu vya zambarau vinatembea, hajui ni nini, anakwenda zake. Siku zote hapana, lakini mara nyingi. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi ile mikono mitupu, nyumba kwa nyumba, na wiki ileile kukawa na harusi. Alikaa meza ya wazee mikono zambarau mpaka kwenye viwiko, anapokea pongezi, na watoto walipita nyuma yake wakimwita kifaranga. Alisikia. Hakugeuka, aliendelea na pilau.

Kwetu sisi mwewe ni mwewe. Neno ni hilohilo kwa kila kitu chenye kucha kinachopita juu ya kuku. Yeye hakukubali. Kuna yule wa kahawia mwenye mkia wa panda, alisema, huyo ndiye mwizi wenu wa kila siku. Kisha kuna hawa wa kijivu, warefu wa miguu, miguu yenyewe myekundu, wanaokaa wima kwenye kilele cha mti na kupiga mluzi asubuhi. Hao wanakula zaidi mijusi, panya na nyoka. Nilimwuliza, na vifaranga je? Akakiri. Alisema amemwona mmoja wao kwa macho yake akichukua kifaranga wake mwenyewe, mbele yake, na alichoweza kufanya ni kurusha ndala. Hakuwa mtu wa kuwasingizia wema.

Na hao wa kijivu nao, eti, wako wa aina mbili. Ni ndugu, alisema, mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo. Ukiwatazama kifuani huwezi kuwatenganisha, wote kijivu juu na mistari myembamba tumboni. Tazama puani, pale mdomo unapoanzia. Mmoja ni mwekundu, mwingine ni wa njano. Na kama yuko mbali huoni pua, subiri aruke akupe mgongo, umtazame kiunoni. Mwekundu kiuno chake kina mistari ya kijivu, wa njano kiuno ni cheupe. Wanawake tulicheka mpaka tukakaa chini. Mzee mzima na ndevu zake anatufundisha kutazama viuno! Alitusubiri tumalize kucheka, akaendelea palepale alipoachia.

Mwekundu, kwa maelezo yake, ni wa miyombo. Anataka msitu wenye miti mirefu, kama ulivyokuwa Mgori alipofika. Wa njano ni wa nchi kavu ya miiba, ya migunga na vichaka, na zamani ukimtaka ilibidi utoke uende mbali. Sisi tulikuwa na wekundu wawili, dume na jike, kwenye mninga mkubwa nyuma ya zizi la mzee, ukingoni kabisa mwa msitu. Kila mwaka walitengeneza kiota kilekile. Alikuwa anatoka na kahawa yake asubuhi, anakaa kwenye kigoda, anawasikiliza wakipiga mluzi. Mke wake alishatangulia mbele ya haki muda mrefu, binti yake ameolewa Mtinko, na nadhani ndege wale walimwondolea upweke. Hakusema hivyo. Nilikuwa namwona tu juu ya minyaa.

Siku moja akamjia mgeni kutoka mjini, kijana wa mambo ya ndege, ana darubini shingoni na adabu nzuri. Aliletewa chai, akazungushwa, akaonyeshwa mninga. Jioni tulikaa naye, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mtu mzuri lakini mwenye mdomo. Mwenyekiti akauliza hawa ndege wa mzee ni wa thamani gani huko duniani, wanakaribia kuisha kama faru? Yule kijana akajibu kwa uaminifu kwamba hapana, aina zote mbili, mwekundu na wa njano, wanaopima mambo hayo wamewaweka kwenye kundi la viumbe ambao bado hali yao haijatia wasiwasi. Wako nchi nyingi na eneo lao ni kubwa. Akaongeza kwamba hiyo haimaanishi kila mahali wako salama, pengine wanapungua kimyakimya pale miti inapokwisha, lakini sehemu hiyo ya pili mwenyekiti alikuwa anamimina chai. Alichobeba kwenda nacho nyumbani ni kwamba mwewe wa Bwana Mifugo hawana wasiwasi.

Jamani, kijiji kilicheka. Mwewe akichukua kifaranga mchana kweupe mtu anasema, huyo ndiye Hana Wasiwasi. Mlevi akipita anayumba anaimba, Hana Wasiwasi. Bwana Mifugo mwanzoni alicheka nasi. Alijaribu kumsahihisha mwenyekiti, kwamba kutotiliwa wasiwasi si sawa na kutokuwa na wasiwasi, na mwenyekiti akamwambia mzee, hicho ni Kiswahili cha mjini.

Kicheko kilikwisha mwaka ule vifaranga walipochukuliwa sana. Mvua zilichelewa, porini hakuna kitu, na mwewe wa kila namna walihamia kwenye nyua zetu. Mimi nilipoteza uzao karibu wote wa kuku wangu wawili, na kuku wale nilikuwa nimewatengea jambo. Mwenyekiti akaitisha kikao uwanjani kwake. Hoja ikawa moja: kifaranga aliyekufa apakwe dawa ya kuogeshea ng'ombe, awekwe chini ya ule mninga. Wale wa mkia wa panda hawana kwao, huwezi kuwafuata, lakini hawa wa kijivu nyumba yao tunaijua. Na dawa ile ikitumiwa ovyo ni hatari, kwa hiyo tulimtaka Bwana Mifugo atupimie.

Alisimama. Kwanza alitusalimu, wakubwa kwa wadogo, na ilimbidi kila mtu aitikie. Kisha akasema:

"Dawa ninayo na kipimo nakijua. Sitawapa."

Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba sumu haina adabu, italiwa na mbwa, italiwa na paka, na mtoto atashika. Akasema miaka yote ameingia kwenye nyua zetu kabla hatujaamka ili kuku wetu waishi, na mkono uleule hautaweka sumu. Akasema wale ndege wakiondoka hatutapata wengine kama wao, kwa sababu msitu wa kuwaleta unazidi kurudi nyuma. Nafikiri angetushinda, kama si mwenyekiti.

"Mzee," mwenyekiti alisema, "mgeni wako si alituambia hawa hawana wasiwasi? Sasa wasiwasi wa nini wewe?"

Uwanja mzima ukalipuka. Mimi pia nilicheka, maana ilichekesha. Bwana Mifugo alingoja kama alivyongoja siku ile ya viuno.

"Duniani hawana wasiwasi," alisema. "Hapa Mgori wasiwasi ni wangu." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Sumu haikuwekwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukisia kipimo. Lakini kuanzia siku ile hakuitwa kuchinja. Ubatizo ulipita, akaitwa mzee mwingine kutoka ng'ambo ya korongo, anayetetemeka mikono. Maulidi yalipita. Alikuwa anavaa kofia yake anakaa pale mbele ya nyumba kisu kimeshanolewa, anasikia kelele za sherehe nyumba ya tatu, na hakuna anayekuja. Asubuhi ya chanjo wengine walimwambia kuku wameshafunguliwa. Hakugombana na mtu. Aliwasalimu vilevile na kuulizia kuku wao vilevile, na walijibu wakitazama chini. Alikonda. Mtu anayependa kula na watu ukimwacha ale peke yake unamwadhibu kweli, na ile ilikuwa adhabu kubwa kuliko kosa, kama kosa lilikuwepo.

Mimi nilivumilia nikachoka. Nilikuwa bado nina hasira ya vifaranga wangu, tena na yeye, lakini hasira yangu ilikuwa ni ya kwangu, sikutaka kuishirikisha na kijiji kizima. Nikamkamata jogoo, nikapita katikati ya barabara siyo uchochoroni, mchana, kila mtu aone, nikampelekea. Nilimwambia nina wageni. Akaniuliza wageni gani, hajaona mtu akiingia. Nikamwambia wageni ni wewe, chinja, usinichoshe. Alichinja. Mikono ilikuwa imara lakini kisu alikifuta mara tatu bila kuniangalia, nikajifanya natafuta sufuria. Jioni ile tulikula kwangu, na mwenyekiti alipopita na kuona, alisimama kidogo, akasema hodi, akavutiwa kigoda. Mvua zilinyesha baadaye, mijusi wakarudi, na hasira za watu zikaisha zenyewe kama zinavyoisha. Mwewe walilea watoto wao kwenye mninga ule mwaka ule na miaka iliyofuata.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Ilianza kuvimba, akawa hawezi kuzunguka na kikapu, na binti yake akaja na gari la kukodi kumchukua Mtinko. Aliondoka kwa kuaga nyumba kwa nyumba, kila nyumba salamu kamili, dereva akapiga honi mpaka akachoka.

Kiangazi kilichofuata mninga ulikatwa. Sitaki kusema kuna mtu mbaya. Mbao zilihitajika, vitanda vinatengenezwa, kibali kilikuwepo, na waliokuja na msumeno hawakuwa na ugomvi na ndege, hata hawakujua kama kuna kiota. Siku moja tu, na upande ule ukawa mweupe. Wale wawili walizunguka juu kwa muda, halafu hawakuonekana. Nilishangaa jinsi asubuhi zilivyokuwa na kimya. Mimi, ambaye mwewe simpendi, nilikuwa natoka nje nasikiliza.

Nilikwenda kumwona Mtinko siku ya mnada, nimempelekea mlenda mkavu na karanga. Nilimkuta kwenye kiti barazani, mguu juu ya stuli, amepungua sana. Shikamoo, marahaba, watoto, kuku. Akamaliza kuku wote, na nilijua linalofuata. Njia nzima nilikuwa nafikiria nimdanganye.

"Mama Neema, mninga upo?"

"Umekatwa, Bwana Mifugo."

"Na wenyewe?"

"Sijawaona tena. Yupo mwingine. Yuko kwenye mgunga nyuma ya alizeti zangu. Pua ya njano."

Alisogea mbele kidogo. "Umemwona kiuno?"

"Nimemsubiri mpaka akaruka. Cheupe pee."

Hapo machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa kiganja bila kuficha, akasema alikuwa anawapenda sana wale wawili, na kwamba alijua siku moja yule ndugu wa miibani atafika Mgori, kwa sababu miiba nayo inafika. Binti yake alitoka ndani kusikia kuna nini, mzee akampungia mkono arudi. Kisha akaniuliza kama huyo wa njano ana kiota.

Nikamwambia anajenga.

"Usimwonyeshe mtu."

Nikamwambia mwewe simpendi. Nikamwambia na huyu naye ameshaanza kuchukua vifaranga wangu, na kwamba mimi si mlinzi wa ndege. Akasema anajua yote hayo. Alisema angekuwa na mtu anayewapenda angemwomba huyo, lakini hana, ana mimi.

Tulimzika Mtinko kabla ya mvua za kwanza. Kijiji kilikwenda kwa lori, waliowahi kumsusa na wasiomsusa, na mwenyekiti alilia kuliko wote. Wiki iliyofuata mwenyekiti huyohuyo akanijia uwanjani, nimekaa nachambua mlenda. Kuku wake aliyetotoa amebaki na kifaranga mmoja. Aliniuliza, kwa upole, kama ninajua huyu mwewe mpya amejenga wapi.

Nikamwambia sijui.

Ndege akapiga mluzi nyuma ya alizeti zangu, mrefu, wazi kabisa, sote wawili tukausikia. Mwenyekiti akanitazama. Nikamwambia tena, sijui.